Nani Atasema Subhanallah Wodini?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba wake.



Kila mmoja wetu analijua jambo hili tangu madrasa. Imamu akiinuka kusimama baada ya rakaa ya nne ya Adhuhuri, safu iliyo nyuma yake haibaki kimya. Wanaume husema "Subhanallah", wanawake hupiga kofi, na imamu, hata awe sheikh mkubwa kiasi gani, hurudi akakaa. Hakuna anayemwona aliyetamka neno lile kuwa mtovu wa adabu. Hakuna anayemuuliza baada ya salamu, "Wewe ni nani hata umkosoe sheikh?" Tumefundishwa kuwa kumkumbusha imamu ni sehemu ya kumfuata.

Sasa tutoke msikitini twende wodini. Daktari bingwa anaandika dawa kwenye faili. Nyuma yake wamesimama daktari wa mafunzo, sista, pengine mfamasia, na sisi wanafunzi tuliovaa makoti meupe. Yupo mmoja katika safu hiyo anayejua, au anayeshuku kwa sababu ya maana, kwamba dawa ile haimfai mgonjwa yule. Kipimo ni kikubwa kuliko figo zake zinavyoweza kubeba, au inagombana na dawa nyingine anayoitumia, au haina kazi yoyote mwilini mwake. Safu nzima inanyamaza. Raundi inasogea kwenye kitanda kinachofuata.

Swali langu ni hili: ukimya huo ni adabu, au ni khiyana ya amana? Nimeona niliandike hapa kwenye jarida letu kwa sababu wengi tunaosoma tiba, uuguzi na famasia hapa Uganda, tukiwa tumetoka pia Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, tumelelewa katika nyumba na madrasa ambamo mdogo hamjibu mkubwa. Malezi hayo ni neema. Lakini kila neema ina hesabu yake.

Dawa isiyofaa ni ipi?

Tusianze kuhukumu kabla ya kujua tunachokihukumu. Mwezi wa Novemba 1985, Shirika la Afya Duniani liliitisha mkutano wa wataalamu pale Nairobi, karibu kabisa na sisi, kuzungumzia matumizi sahihi ya dawa. Maana iliyotoka hapo bado ndiyo inayofundishwa: mgonjwa apate dawa inayolingana na hali yake, kwa kipimo kinachomfaa yeye mwenyewe, kwa muda unaotosha, na kwa gharama ndogo iwezekanavyo kwake na kwa jamii. Likikosekana moja kati ya hayo manne, matumizi hayo hayako sawa. Mwaka 2002 shirika hilohilo lilikadiria kwamba zaidi ya nusu ya dawa zote duniani huandikwa, hutolewa au huuzwa isivyofaa.

Kwa mtu mzima aliyelazwa, hatari huongezeka. Aliye nyumbani anakunywa vidonge viwili na akijisikia vibaya huviacha. Aliyelazwa huwekewa dripu, huchomwa sindano, huongezewa vidonge, na kila zamu ina mikono mipya. Anaingia na dawa zake za zamani ambazo hazikuulizwa, anahamishwa wodi, anaruhusiwa na orodha mpya isiyosema kipi kiachwe na kipi kiendelee. Na kubwa zaidi, amelala. Amekabidhi mwili wake. Hana nguvu ya kuuliza, na mara nyingi haelewi lugha inayozungumzwa juu ya kitanda chake.

Nitoe mifano inayohusu wodi zetu hasa. Mgonjwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye dolutegraviri akigundulika na kifua kikuu na kuanzishiwa rifampisini, rifampisini huipunguza nguvu dolutegraviri. Anahitaji miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Asiyekumbuka hilo anatibu ugonjwa mmoja huku akiufungulia mlango mwingine. Dolutegraviri hiyohiyo huongeza kiwango cha metformini katika damu, kwa hiyo mwenye kisukari hapaswi kuachiwa kipimo kikubwa cha metformini kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mwongozo ni kutovuka miligramu 1,000 kwa siku. Gentamaisini ni dawa nzuri na ya bei ndogo, lakini ikitolewa bila kujali hali ya figo huweza kuziharibu figo na masikio. Seftriaksoni Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalizi, katika mpango ulioanza mwaka 2017, lakini nani kati yetu hajaiona ikiandikwa kwa kila mwenye homa, kama vile chumvi inavyotiwa katika kila mchuzi?

Wazee wako katika hatari kubwa zaidi, na wataalamu wamewaandalia orodha maalumu. Daktari Mark Beers wa Marekani alitoa yake mwaka 1991, na imeendelea kuhuishwa hadi toleo la 2023. Wataalamu wa Ireland walitoa yao, iitwayo STOPP/START, mwaka 2008. Ninachokipenda katika hii ya pili ni kwamba ina pande mbili: upande mmoja dawa za kusimamishwa, upande mwingine dawa ambazo mgonjwa anazistahili lakini hakuandikiwa. Maana yake kuacha nako ni kosa. Mwenye kifafa aliyelazwa kwa mguu uliovunjika, kisha akakaa siku tatu bila dawa zake za kifafa kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, naye amedhulumiwa.

Udhuru wa kwanza: nia ilikuwa njema

Tukizungumza haya vyumbani kwetu baada ya Isha, jibu la haraka ni kwamba matendo huzingatiwa kwa nia, na daktari alikusudia kuponya. Ni kweli, na hatuna ruhusa ya kumdhania vibaya. Lakini tuitazame sheria yetu yenyewe.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, Allah ametaja hukumu ya muumini aliyemuua muumini mwenzake kwa kukosea. Huyu hakukusudia. Nia yake haikuwa na ubaya wowote. Hata hivyo hakuambiwa aende zake. Analo la kufanya kwa Mola wake, nalo ni kafara: kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Na ipo diya kwa ahli wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe wasamehe. Hivyo sheria imetenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya: dhambi ya kukusudia na dhamana ya madhara. Nia njema inaiondoa ya kwanza. Ya pili inabaki.

Upo pia mlango wa tabibu hasa. Katika hadithi waliyoipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa anayejitia kutibu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, basi yeye ni mdhamini wa kinachotokea. Imamu Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliichambua hadithi hiyo katika Zad al-Ma'ad na kuwagawa matabibu mafungu. Tabibu stadi aliyeipa kazi haki yake, akaruhusiwa na mgonjwa, wala mkono wake haukukosea, hadaiwi kitu kwa madhara yatakayotokea. Mjinga anadaiwa. Na lipo fungu linalotugusa sisi moja kwa moja: tabibu stadi aliyejitahidi akamwandikia mgonjwa dawa, akakosea katika jitihada yake, mgonjwa akafa. Huyu si mjinga wala si mzembe, lakini Ibn al-Qayyim hakusema damu ile ipotee bure. Ametaja kauli mbili: diya italipwa na hazina ya Waislamu, au italipwa na jamaa wa tabibu.

Ndugu msomaji, tulia hapo kidogo. Zaidi ya miaka 650 iliyopita, mwanachuoni wa fikihi alikwishaona kwamba kosa katika kuandika dawa linaweza kumpata hata hodari, na kwamba haki ya mgonjwa haifutwi na uhodari wa aliyemtibu.

Udhuru wa pili: siku zake zilikuwa zimefika

Huu husemwa zaidi na jamaa wa mgonjwa kuliko na wahudumu, lakini wahudumu nao hujificha nyuma yake. Kila nafsi ina ajali yake, haitangulii wala haichelewi. Tunaamini hivyo na tutakufa tukiamini hivyo.

Lakini yule aliyeuawa kwa kukosea katika Suratun Nisaa, si naye siku zake zilikuwa zimefika? Na bado diya imewajibika. Ingekuwa ajali inafuta dhamana, kusingekuwa na diya hata moja duniani, kwa sababu hakuna maiti aliyekufa kabla ya siku yake. Ajali ni elimu ya Allah. Dhamana ni hukumu yetu sisi. Kumwambia mtoto wa marehemu "ni mapenzi ya Mungu" ni maneno ya faraja yakisemwa na jirani. Yakisemwa na aliyekuwa na faili mkononi wala hakulisoma, yanakuwa jambo jingine.

Udhuru wa tatu: heshima

Huu ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu umejengwa juu ya kitu kizuri. Na jibu lake sikulipata katika kitabu cha famasia. Nililipata katika mlango wa sijda ya kusahau.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwasalisha watu mojawapo ya sala za mchana, akatoa salamu baada ya rakaa mbili. Kisha akauendea ubao uliokuwa msikitini akauegemea, akionekana kama mwenye ghadhabu. Watu wakatoka wakidhani sala imepunguzwa. Miongoni mwa waliokuwepo ni Abu Bakr na Umar (r.a.), nao haiba ya Mtume iliwazuia kumsemesha. Akasimama mtu mmoja aliyekuwa akiitwa Dhul-Yadayn, kwa kuwa mikono yake ilikuwa mirefu, akauliza kama Mtume amesahau au sala imepunguzwa. Mtume akajibu kwamba hakusahau wala haikupunguzwa. Kisha akawauliza waliokuwepo kama mambo ni kama anavyosema Dhul-Yadayn. Wakasema ndivyo. Akarudi mbele, akakamilisha sala, akasujudu sijda mbili.

Wanazuoni wametoa katika hadithi hii masuala mengi ya fikihi. Mimi naona humo wodi nzima.

La kwanza, ukimya haukuwa wa watu dhaifu. Walionyamaza ni Abu Bakr na Umar, wabora wa umma huu baada ya Mtume wake. Kwa hiyo tusidhani kuwa anayenyamaza mbele ya bingwa hana imani wala elimu. Haiba humziba mdomo hata mbora wa watu. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa ushujaa wa mtu mmoja mmoja.

La pili, Dhul-Yadayn aliuliza, hakushutumu. Alitaja njia mbili, na moja kati ya hizo ilimwacha Mtume bila kosa lolote: huenda sala imepunguzwa nami sijui. Hiyo ndiyo adabu ya anayeujua upungufu wake. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayemwambia daktari "umekosea" anaweza kuwa yeye ndiye aliyekosea. Lakini anayesema, "Daktari, naomba kuelimishwa, mgonjwa huyu anatumia rifampisini, je, dolutegraviri ibaki mara moja?" ameutimiza wajibu wake, awe amepatia au hakupatia. Akiwa hakupatia, amepata darasa. Akiwa amepatia, mgonjwa amepata haki yake.

La tatu, Mtume (s.a.w.) hakumkemea. Wala hakuchukua neno la mtu mmoja likatosha. Alithibitisha kwa wengine, kisha akarekebisha mbele ya watu walewale. Wakubwa wetu wana kigezo hapo. Na kama yeye, aliyekuwa akipokea wahyi, aliulizwa na akathibitisha, ni daktari gani basi ambaye hadhi yake itashuka kwa kuulizwa?

La nne, sala ina dawa ya kusahau ndani yake. Sijda ya kusahau haikuwekwa kwa ajili ya watu wabaya. Imewekwa kwa kuwa wanaosali ni binadamu. Ibada iliyo kubwa kuliko zote imepangwa kwa kuhesabu kwamba mwenye kuifanya atasahau. Sisi tunapangaje hospitali kana kwamba anayeandika dawa hasahau?

Na hofu yetu, mara nyingi, ni kubwa kuliko hali yenyewe. Mwaka 1999 Lucian Leape na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali moja kubwa ya Boston, Marekani. Walimweka mfamasia katika raundi za wodi ya wagonjwa mahututi, awe pale dawa inapoandikwa, badala ya kusubiri karatasi dirishani. Madhara yanayozuilika yaliyotokana na uandikaji wa dawa yalipungua kwa asilimia 66. Lakini tarakimu iliyonigusa zaidi ni nyingine: mfamasia yule alitoa mapendekezo 366, na madaktari wakayakubali 362. Wanne tu kati ya mia tatu sitini na sita. Tunaogopa mlango ambao, ukigongwa kwa adabu, mara nyingi hufunguliwa.

Kinga haina shahidi

Niliwahi kuona jambo moja katika hospitali ambayo haina haja ya kutajwa. Mama wa makamo ya miaka 70 alilazwa kwa maambukizi ya kifua, naye pia alilalamika magoti. Akaandikiwa sindano za diklofenaki, asubuhi na jioni. Katika faili, mahali pa kuandika dawa za nyumbani palikuwa patupu.

Sista wa zamu ya jioni, kabla ya kuchoma, alimwuliza binti yake, "Mama huwa anakunywa dawa gani nyumbani?" Binti akafungua pembe ya leso. Mlikuwa na enalaprili ya presha na furosemidi ya kupunguza maji. Dawa hizo mbili zikikutana na diklofenaki kwa mtu wa umri ule, figo huweza kufeli. Sista alimpigia simu daktari wa zamu. Nilimsikia akisema, "Daktari, samahani, naomba tuangalie tena dawa za mama wa kitanda cha nne, kuna vidonge hatukuviandika." Daktari akaja, akaviona, akaikata diklofenaki, akaandika parasetamoli na kuagiza kipimo cha figo. Ilichukua kama dakika kumi.

Baada ya hapo hakuna kilichotokea. Mama akaruhusiwa siku chache baadaye. Hakujua lolote, wala binti yake hakujua. Hakuna aliyempongeza sista, kwa sababu hakuna awezaye kuonyesha figo zilizonusurika. Anayemwokoa mtu majini huonekana. Aliyeziba shimo kabla mtu hajatumbukia haonekani. Ndiyo maana naamini kazi hii ni katika zile zinazohitaji ikhlasi zaidi: haina mashahidi ila Allah na malaika wanaoandika. Na aliyezoea kutenda kwa ajili ya macho ya watu ataichoka upesi.

Jamaa wa kubeba mzigo

Wapo watakaosema: unatuongezea mzigo. Sista mmoja ana wagonjwa wengi kuliko mikono yake, maabara haina kemikali, mfamasia ni mmoja kwa hospitali nzima, na sisi wanafunzi tunahesabiwa kuwa wapita njia. Ni kweli. Allah haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, na anayemtwika sista aliyechoka lawama zote anadhulumu.

Hapa pia fikihi imetutangulia. Katika kuua kwa kukosea, kafara ni ya mkosaji mwenyewe, lakini diya hubebwa na jamaa zake, wale wanaoitwa aqila. Ukizingatia, huo ni uadilifu wa ajabu. Toba haina wakili, kila mtu atajihesabu mwenyewe. Lakini gharama ya kosa ni ya kundi, na kundi linalojua kuwa litalipa litakuwa na hamu ya kumlinda mtu wake asikosee. Leo aqila ya daktari ni hospitali yake, chuo chake, na wizara.

Wazee wetu hawakuishia kwenye mawaidha. Mwaka 319 Hijria, sawa na 931 Miladia, habari ilimfikia khalifa al-Muqtadir kwamba mtu amekufa Baghdad kwa kosa la tabibu. Akaamuru asitibu mtu yeyote mpaka afanyiwe mtihani na Sinan bin Thabit. Waliojitokeza katika jiji hilo walizidi 860. Na katika vitabu vya hisba, kama kile cha ash-Shayzari wa karne ya 12, tabibu anatakiwa aandike dawa alizoagiza na nakala awape jamaa wa mgonjwa mbele ya mashahidi. Mgonjwa akifa, nakala zile hupelekwa kwa tabibu mkuu azikague. Hayo ndiyo tunayoyaita leo ukaguzi wa uandikaji wa dawa.

Yanayotakiwa leo si mageni sana na hayo. Dawa zote za nyumbani ziandikwe siku mgonjwa anapolazwa, zilinganishwe tena anapohamishwa na anaporuhusiwa. Mzio uandikwe mahali panapoonekana. Kila antibiotiki iwe na sababu na siku ya kuitazama upya, ndani ya saa 48 hadi 72. Dawa iandikwe kwa jina lake la asili, kwa herufi zinazosomeka. Isiandikwe 1.0 ikasomwa 10, wala .5 ikasomwa 5. Chupa za potasiamu kali zisiwekwe wodini pamoja na maji ya kawaida. Kamati ya dawa ya hospitali ikutane kweli, na Miongozo ya Tiba ya Uganda iliyotolewa na Wizara ya Afya iwe mezani badala ya kufungiwa kabatini. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitangaza lengo la kupunguza kwa nusu madhara makubwa ya dawa yanayozuilika katika miaka mitano. Mengi katika hayo hayahitaji mashine. Yanahitaji kalamu na mtu wa kuuliza.

Na wewe usiyesoma tiba

Usidhani makala haya hayakuhusu. Kila Ijumaa ndugu zetu wa jumuiya hutembelea wagonjwa, na hiyo ni haki ya Muislamu kwa mwenzake. Ongeza jambo moja katika ziara yako: mwambie mgonjwa au jamaa yake aje na mfuko wa dawa zote za nyumbani na auonyeshe. Zote, pamoja na zile zinazofichwa. Wapo wanaotumia mitishamba na hawasemi wakiogopa kukemewa na musawo. Wapo waliopigwa hijama juzi huku wanatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Wapo wenye kisukari wanaofunga Ramadhani kimyakimya wakiwa na sindano ya insulini ya asubuhi. Tabibu hawezi kulinda asichokijua. Na anayemdai mwenziwe amana naye aitimize ya kwake kwa kusema kweli.

Tena tusiwe sisi tunaomshinikiza daktari. Mara ngapi mgonjwa asiyepewa sindano au dripu huhesabu kuwa hakutibiwa? Ibn al-Qayyim huyohuyo amefundisha kwamba panapotosha chakula tusiende kwenye dawa, na panapotosha dawa moja tusiende kwenye mchanganyiko.

Akikataa je?

Limebaki swali ambalo sitaki kulikwepa. Umeuliza kwa adabu, umeonyesha mwongozo, na mkubwa amesema, "Toa dawa." Ufanye nini?

Katika madhehebu yetu ya Shafi, imamu akisimama kwa rakaa ya tano, anayejua kwa yakini hamfuati. Ama anamsubiri akiwa amekaa, ama ananuia kuachana naye na kukamilisha mwenyewe. Hamvuti kanzu wala hapigi kelele msikitini. Lakini haruhusiwi kusimama naye kwa hoja kwamba yeye ndiye imamu. Kufuata kuna mpaka, na mpaka wake ni elimu.

Vivyo hivyo, sista na mfamasia wenye yakini wana haki ya kuisimamisha dawa, waandike sababu, na kulifikisha jambo kwa aliye juu zaidi. Mwanafunzi hana mamlaka hayo, lakini anaye mfamasia au mwalimu wa kumwambia, siku ileile na si wiki ijayo. Na penye shaka tu bila yakini, aulize, kisha amwachie mwenye elimu zaidi. Wodi ambayo kila mtu anapinga kila kitu haimponyi mtu, kama vile sala haisaliki ikiwa safu nzima inasema Subhanallah katika kila rukuu. Lakini kulijadili kosa la daktari bwenini usiku, kwa jina lake na kwa kicheko, baada ya kunyamaza mchana, hiyo si nasaha. Hiyo ni kusengenya kulikopanda juu ya khiyana.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuondoa uovu kwa mkono, asiyeweza kwa ulimi, asiyeweza kwa moyo, na hiyo ya moyo ni daraja ya chini kabisa ya imani. Sisi tumeifanya daraja ya kwanza kuikimbilia. Tunachukia moyoni, tunasogea kitanda kinachofuata, tunajiona tumetimiza.

Jibu langu, basi, ni kwamba ukimya wa anayejua si adabu. Adabu ni namna ya kusema, nayo haijawahi kuwa ruhusa ya kutosema. Mgonjwa yule amelala kama maamuma aliye mgonjwa safu ya mwisho: hamwoni imamu, hasikii vizuri, anaitegemea safu iliyo mbele yake.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, walinde wanaowahudumia, na utujaalie ndimi zinazosema haki kwa upole na masikio yanayoikubali. Amin.

Wabillahi tawfiq.